Mtani Aliyewamba Vitanda

Nilipohamia Temeke niliambiwa kwamba yule mzee wa nyumba ya tatu, fundi wa kuwamba vitanda, huingia vyumbani mwa watu na kuwapima kwa kamba wakiwa usingizini, na kwamba aliyepimwa kwa kamba ile haioni Ijumaa ya pili. Niliamini. Tena sikuamini mguu ndani mguu nje kama waaminivyo watu wa mjini; niliamini mwili mzima. Aliyeniambia alikuwa mpangaji mwenzetu, mtu mwenye ndevu za heshima, na mie wakati huo nilidhani ndevu hazisemi uongo. Basi miezi miwili nililala nimejikunja kama kamba wa baharini, nikiikwepa kamba ya fundi, magoti yamegusa kidevu, ili hata akija apate kipimo kisicholingana na kaburi lolote la mtu wa kimo changu. Asubuhi nilikwenda kazini Chang'ombe mgongo umepinda kama mtu anayetafuta sindano njiani. Petro, mwenzangu niliyetoka naye nyumbani, alinicheka mpaka akashika mbavu, lakini siku mbili baadaye nilimfuma na yeye amelala ameketi.

Siku moja fundi mwenyewe akaniita kutoka barazani kwake. Mkononi alikuwa na ile kamba.

"Wee mrefu! Njoo ulale hapa kidogo."

Haki ya Mungu, nilikimbia mpaka Chang'ombe bila nyayo kugusa chini. Niliporudi jioni mwenye nyumba wetu alikuwa bado anafuta machozi ya kucheka. Fundi alikuwa ameagizwa kitanda na askari mmoja mrefu, akataka mtu wa kimo hicho alale kwenye fremu aone kamba zianzie wapi. Hayo tu. Ndivyo nilivyojuana naye, na mpaka leo nikimkumbuka humwona kwanza vile: ameinama juu ya fremu tupu, dole gumba la mguu limebana kamba, mikono inavuta, na uso umekasirika kana kwamba kitanda kimemtukania mama.

Jina lake nalijua, lakini silitaji. Mwenyewe hakupenda litajwe. Alisema jina la mtu ni la kuitwa msikitini na kaburini, na katikati yake inatosha "fundi". Wateja walimwita fundi. Mie nilimwita mtani, na jinsi nilivyopata ruhusa ya kumwita hivyo ndiyo habari yenyewe ninayotaka kuieleza.

Sie tulitoka Nyasaland, ng'ambo ya ziwa, tukaja kwa mtumbwi, kwa lori na kwa miguu, na nikikwambia miguu ilikuwa mingi kuliko lori usidhani natia chumvi. Kwetu shule ya misheni haikuwa tena na nafasi kwa watu wa umri wetu. Tukasikia kwamba Dar es Salaam iko shule ya jioni inayowapokea watu wazima, wenye kazi zao mchana, ikawafundisha Kiingereza, hesabu na kupiga taipu, na mwisho ikawapa cheti chenye mhuri. Huo mhuri ndio uliotutoa nyumbani. Tuliusikia ukigongwa, ngo! kutoka upande wa pili wa ziwa. Tulibeba sanduku moja la bati watu wawili, mmoja huku mmoja kule, na lilikuwa la baba yake Petro, aliyetuazima akasema, "Mtalirudisha na kile mlichokifuata."

Mji ule haukukuuliza unaitwa nani. Ulikuuliza una nani. Ukienda kutafuta chumba: "Una nani hapa?" Ukienda kutafuta kazi: "Nani anakujua?" Hata muuza maji, ukimkosea chenji, alikutazama kwanza nyuma ya mabega yako aone kama umefuatana na watu. Wazaramo walikuwa na wao, Wanyamwezi na wao, Wamanyema na wao, na kila mmoja alikuwa na chama chake, mzee wake na sufuria yake ya msibani. Sie tulikuwa na sanduku.

Lugha nayo ilitusaliti. Kiswahili chetu kilikuwa cha ziwani. Siku chache baada ya mkasa ule wa fremu fundi aliniuliza ninakwenda wapi na kitabu kwapani, nami nikamjibu kwa neno la kwetu kwamba nakwenda sukulu.

"Kushukuru?" akasema. "Umepata nini cha kushukuru, na suruali yenyewe hiyo?"

Baraza zima lilianguka kwa kicheko. Tangu siku hiyo, kila jioni nikipita, aliinua kichwa kutoka kwenye kamba zake: "Haya, nenda kashukuru." Nikichelewa: "Leo hushukuru? Au Mungu wenu kafunga ofisi?" Nililichukia neno lile kiasi kwamba nilijifunza kusema shule, darasa, mwalimu, daftari na maneno mengine elfu moja kwa wiki moja, ili tu asipate tena pa kunishika. Alikuwa akinifundisha? Sijui. Nilichojua ni kwamba mtu yule ananichukia, na nilimwambia Petro hivyo.

Petro alisema, "Mtu akikuchukia hakuangalii kila siku."

Petro alikuwa na maneno kama hayo. Alikufa masika ya kwanza.

Hapa sitanogesha. Ilikuwa homa, siku nne. Mvua ilinyesha juu ya paa la madebe ikawa hatusikiani, na siku ya tatu alikuwa akiniambia kitu nami nikawa namwambia "Nini? Nini?" mpaka akachoka kusema. Sijui mpaka leo alitaka kusema nini.

Wazee wa mtaa wakaja. Mwenye nyumba akauliza, "Marehemu ana nani?" Nikasema, ana mimi. Akauliza, "Na wewe una nani?" Nikalitazama sanduku. Hawakuwa watu wabaya. Mbao za jeneza walizitafuta wao, na wachimbaji wakapatikana. Lakini msiba usio na wenyewe ni kitu kizito. Watu hukaa kando kando, hawajui walie kiasi gani.

Makaburini tulikuwa watu kama kumi, na mwalimu wa dini kutoka misheni ameshika kitabu chake. Kaburi lilikuwa tayari. Kabla ya jeneza kuteremshwa, fundi akatoka nyuma ya watu, akavua viatu, akarukia mle shimoni, akalala chali. Akakoroma.

"Pazuri hapa," akasema kutoka chini. "Pana baridi. Huyu Mnyasa akatafute kwingine, mie nimeshafika."

Mtu mmoja akacheka. Fundi akainuka, akaanza kuigiza mwendo wa Petro, ule wa kutupa mguu wa kushoto pembeni kidogo. Alikuwa ameushika barabara, kana kwamba amemtazama mwaka mzima. "Nimetoka ziwani kwa miguu," akasema kwa sauti ya Petro, "nimekuja kukaa kwenye tope la Wazaramo!"

Mie sikuona kitu tena. Nilishuka mle ndani nikampiga kwa kitabu cha nyimbo nilichokuwa nimekishika. Kofia ikamtoka. Mtu mkubwa kama baba yangu, mbele ya jeneza, nilimpiga kofi la kitabu likalia kama mlango.

Fundi akaiokota kofia yake, akaikung'uta udongo, akawageukia wazee walio juu.

"Mmeona? Mtani kanipiga msibani. Hawa Wanyasa ni watani zetu. Watani wa tangu babu. Au sivyo?"

Wazee wakatazamana. Mmoja akakohoa. Kisha mwenye nyumba akasema, "Ehee. Watani." Na wengine wakaitikia, "Watani, watani hao," na kile kizito kilichokuwa kimewakalia kikaondoka. Wakasogea karibu. Jeneza likashuka kwa mikono mingi, na fundi ndiye aliyekuwa chini akilipokea, sasa hana mzaha wowote usoni. Akaliweka sawa, akapangusa udongo kwenye kifuniko kwa kiganja, polepole, kama mtu anayenyoosha shuka.

Njiani mwenye nyumba akanieleza, kwa kuwa kwetu utani wa namna ile hatukuujua. Kuna makabila, alisema, ambayo wazee wao walipigana zamani, au walipishana njiani na misafara, wakapatana kwamba tangu hapo watatukanana bila kukasirikiana. Mtani ndiye huzika. Mtani huchekesha waliofiwa wasije wakafa na wao. Mtani huchukua kitu cha msibani anachokitaka, na mwenyewe hukikomboa. "Kwa hiyo," akasema, "usiseme tena huna mtu."

Niliamini. Mwili mzima, kama kawaida yangu.

Siku ya tatu, matanga yalipoanuliwa, nilifunga sanduku. Nilikuwa nimekwisha amua. Mji ulionilia Petro sikuwa na haja na mhuri wake. Nikafunga kamba, nikageuka kuvaa viatu, na nilipogeuka tena fundi alikuwa amekalia sanduku.

"Hili langu," akasema.

"Lina nguo zangu, mzee."

"Toa nguo zako. Mie nikivaa vitambaa vile mke atanikimbia, na mke mwenyewe sina. Nachukua sanduku. Mtani kachukua."

"Ni la baba yake marehemu!"

"Ndiyo maana utalikomboa."

"Kwa kitu gani? Sina kitu."

"Kwa karatasi mliyoifuata huku. Yenye mhuri. Mlikuja wawili kuitafuta, akiileta mmoja yatosha." Akainuka, akazitoa nguo zangu, akalitia sanduku begani. Mlangoni akageuka. "Na leo ni Jumatatu. Kuna kushukuru."

Nifanye nini? Nguo ningezifunga kwenye shuka nikaenda zangu. Lakini kufika kwa baba yule bila Petro, tena bila sanduku, miguu yangu isingekubali. Nilikwenda darasani. Niliketi nyuma, benchi tulilokuwa tukikaa wawili, na mwalimu akafundisha mgawanyo mrefu.

Miaka mitatu. Watu huniuliza nilikaaje, nami huwaambia kwa kifupi: nilitukanwa.

"Mrefu hivi, kwenu mlikuwa mkichuma nini, mawingu?"

"Na wewe mfupi hivi," nikajifunza kujibu, "siku moja utajiwamba ndani ya kitanda, tukuvute kwa ndevu."

"Ehee! Ameota meno! Nani kamfundisha?"

Kumwamkia alinikataza. Mtaa mzima niliupa shikamoo, lakini kwake nilitakiwa niseme, "Bado hujafa?" naye ajibu, "Nakungoja wewe utangulie." Wapita njia wageni walishika vichwa. Adhana ikilia alijikatiza hata katikati ya tusi, akaenda kusali, akarudi na kulimalizia palepale alipoliachia, neno kwa neno.

Historia ya utani wetu alinisimulia mara nyingi, na kila mara kwa namna nyingine. Mara babu zangu walikuja kuwateka Wazaramo, wakapikiwa kisamvu kwa nazi wakashiba wakasinzia, wakafungwa kamba wote. Mara hawakuja kabisa, ni babu zake waliopotea mpaka ziwani wakadhani ndiyo bahari, wakamlaumu samaki kwa kukosa chumvi. Mara palikuwa na mbuzi. Nilipomwambia kwamba jana hakukuwa na mbuzi, alinitazama kwa huruma: "Jana alikuwa malishoni." Mie nilizipenda habari zile, nikaziongezea za kwangu. Nilimpa babu yangu mmoja vichwa viwili. Akakubali, akasema alimsikia.

Alizidharau herufi zetu. Yeye alisoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na hesabu ya wateja wake ilikuwa ukutani kwa mkaa, nzuri kama nakshi. "Maandishi yenu yanaanzia kushoto," alisema, "kama mguu wa mtu anayeingia chooni." Lakini jioni moja taa yetu iliisha mafuta na kesho yake nilikuwa na mtihani, na yeye, aliyedai kwamba kusoma kwa taa ni kuipofusha taa, aliniletea yake akakaa gizani kwake akivuta kamba kwa kupapasa. Vitanda vya watu aliviwamba vikakaza mpaka ukivipiga kofi vinalia kama ngoma. Chake kililegea hivi kwamba aliyelala mgongo wake ulifagia sakafu.

Kamba mpya, alikuwa akiwaambia wateja, hudanganya. Leo imekaza, wiki ya pili inalegea, ndipo uniite niivute tena. Anayewamba mara moja akaondoka huyo si fundi, ni mpita njia. Alikwenda kweli, bila kuitwa, mpaka Gongo la Mboto kwa miguu, kukaza kitanda cha mtu aliyekwisha msahau.

Aliishi na dada yake, mjane, mkubwa kwake kwa miaka mingi, mwanamke wa maneno machache. Mwaka wa pili nilipougua homa, fundi alikuja kila siku kusimama mlangoni na kuuliza kwa sauti kubwa kama urithi uko tayari. Nyuma yake alikuja dada yake na bakuli la uji, akakaa mpaka nilimalize, akaondoka. Huyu hakunitania hata siku moja. Nilidhani ni ukali.

Cheti nilikipata. Kina mhuri, kina sahihi mbili, na jina langu limekosewa herufi moja. Nilikipeleka barazani pale pale nilipotoka darasani. Fundi alinawa mikono kwanza. Akakishika kwa ncha za vidole, akakipeleka karibu na macho, mbali na macho, akakinusa.

"Mhuri umepinda," akasema.

Akaingia ndani akakaa sana. Alipotoka amebeba sanduku, lilikuwa linang'aa. Miaka mitatu alikuwa amelipaka mafuta ya nazi lisipate kutu. Ndani, shati la Petro limekunjwa, na kitabu cha nyimbo, kile kile, kimefungwa katika kitambaa cheupe kipya. Baadaye akasema, "Kimenipiga, lakini ni kitabu cha Mungu."

Nililirudisha sanduku ng'ambo ya ziwa. Baba yake Petro alilifungua, akakisoma cheti kwa kidole mstari kwa mstari, kisha akaniuliza nani aliyemzika mwanawe. Nikamwambia: watani. Akashusha pumzi. "Kumbe alikuwa na watu," akasema. Nikarudi Dar es Salaam nikawa karani katika karakana ile ile ya Chang'ombe nilikokuwa nikibeba vyuma, na baada ya kuoa nikahamia Kinondoni, na kama ilivyo, ziara zikapungua. Kila Idi nilikwenda. Kisha kila Idi ya pili.

Mara ya mwisho nilikwenda mchana mmoja wa kiangazi, nimesikia kwamba fundi haamki. Kwenye baraza fremu moja ilikuwa imeegemezwa ukutani, kamba nusu. Ndani nilimkuta katika kitanda chake kile kilicholegea, amekuwa mdogo kama amezamia.

"Bado hujafa?" nikasema kutoka mlangoni.

Midomo ikacheza. "Nakungoja wewe... utangulie. Kaburi lako refu. Wachimbaji... wapate kupumzika."

Nikakaa chini kando yake. Nilitaka kumwambia kuhusu babu mwenye vichwa viwili, kwamba nimekikumbuka kichwa cha tatu, lakini badala yake nililia, mtu mzima, karani, na kalamu mfukoni.

"Acha," akasema. "Mtani halii. Akilia huyo ni ndugu, na ndugu mie ninao wengi. Wavivu wote."

Basi nikaifanya kazi niliyoiweza. Nikazishika kamba za kitanda chake, nikazivuta moja moja kutoka miguuni kwenda kichwani, taratibu, yeye akiwa amelala juu yake, kama nilivyomwona akifanya mara elfu. Alikuwa akinisahihisha kwa kidole. Nilipomaliza alikuwa ameinuka shibiri moja kutoka sakafuni. Akaupiga ubavu wa kitanda kofi dogo, akasikiliza. "Kimepinda," akasema, akafumba macho.

Dada yake alinisindikiza mpaka nje. Alikuwa mzee sasa, akishika ukuta. Nikamwambia, "Bibi, siku ikifika nitumieni mtu Kinondoni, hata iwe saa gani. Mie ndiye mtani wake. Nitaingia kaburini kwanza, nitakoroma, na kamba zake nitazichukua, wana wa ndugu zake wazikomboe. Ni haki yangu."

Aliketi taratibu barazani, kando ya ile fremu.

"Utaitwa," akasema. "Kaa karibu na wafiwa. Lakini kaburini usiingie, watakushangaa. Hakuna utani baina yetu na nyie, mwanangu. Haujapata kuwapo. Mdogo wangu alikuwa hajui hata nchi yenu iko upande gani."